Ni nini kinachovuka ua? Somo kuhusu biashara zilizo karibu na nyumba zetu

Kesho asubuhi kabla hujaenda kazini, simama mlangoni pa nyumba yako kwa dakika moja tu. Usiseme neno. Sikiliza, kisha uvute pumzi. Je, unasikia nini? Unanusa nini?

Ikiwa unaishi katika mtaa kama Kapsoya, upande wa mashariki wa Eldoret, yamkini utasikia mengi. Kinu cha kusagia mahindi kimeanza kunguruma. Fundi wa kuchomelea vyuma amewasha mashine yake. Mama wa chapati amekoka makaa, na kijana wa kuosha magari amefungua mfereji wake, maji yenye sabuni na mafuta yakiteremka kando ya barabara. Usiku baa itafungulia muziki.

Watu hawa wote ni majirani zetu. Wanatafuta riziki, na sisi wenyewe ndio wateja wao. Bila kinu hakuna ugali, na bila fundi hakuna lango wala dirisha. Lakini katika ploti iyo hiyo kuna mtoto mwenye pumu anayekohoa usiku kucha, mama mjamzito ambaye hapati usingizi, na mzee ambaye daktari amemwambia shinikizo lake la damu limepanda. Je, ni nani mwenye haki? Ni yule anayetafuta chakula, au ni yule anayetafuta pumzi?

Somo letu la wiki hii linahusu sheria za kutenga maeneo ya makazi na maeneo ya biashara. Huenda ukashangaa kwamba jambo hili limeletwa katika ukurasa wa afya badala ya ukurasa wa ardhi. Sababu ni kwamba sheria hizi zilianza kama kinga ya magonjwa, na hata leo kazi yake kubwa ni hiyo. Chanjo humkinga mtoto dhidi ya surua, na umbali kati ya kazi na kitanda humkinga dhidi ya moshi, kelele na moto.

Kuna swali moja ambalo tungependa ulikumbuke hadi mwisho wa somo hili. Mtu akifungua biashara karibu na nyumba yako, usiulize kwanza, "Ni biashara gani?" Uliza, "Ni nini kinachovuka ua?"

Mji unaokua haraka

Eldoret ilianza kama posta ndogo mwaka wa 1910, katika shamba nambari 64, na ndiyo sababu wazee wengi bado huuita mji huu "Sisibo" au "Siksti Foo". Katika hesabu ya watu ya 2019 mji huu ulikuwa na wakazi 475,716. Tarehe 15 Agosti 2024 ulipewa hati ya kuwa jiji, la 5 nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.

Mji ukikua, kodi ya nyumba hupanda na nafasi hupungua. Mwenye ploti hujenga vyumba vya kupangisha nyuma, na mbele, upande wa barabara, akajenga maduka. Hivyo mtu hulala ukutani pa duka, na mwenye duka hufanya kazi ukutani pa chumba cha mtu. Si ajabu, wala si dhambi. Miji mingi ya Afrika Mashariki imekua hivyo. Lakini ndiyo maana lazima pawe na kanuni.

Sheria yenye historia chungu

Ni vyema tuseme ukweli. Wafanyabiashara wengi wakisikia neno "mpango wa mji" huona tingatinga akilini, na wana sababu.

Mwaka wa 1902 tauni ilipozuka Nairobi, wakuu wa wakati huo waliamuru soko la Wahindi liteketezwe kwa moto. Mwaka wa 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza hali ya usafi katika nchi hizi. Alipendekeza maeneo ya makazi yatenganishwe na ya biashara. Hilo lingeweza kuwa jambo jema, lakini alipendekeza pia watu watenganishwe kwa rangi zao. Afya ikageuzwa kisingizio. Mzungu akapewa mlima wenye upepo, Mwafrika na Mhindi wakaachiwa bonde lenye msongamano.

Historia hii inatufunza kwamba sheria ya kutenga maeneo ni kama kisu cha daktari. Kwa mkono mwadilifu huponya, na kwa mkono mwingine hujeruhi. Kwa hiyo tunapoitetea hapa hatusemi wachuuzi wafukuzwe. Tunasema kila kazi ipelekwe mahali ambapo haitamdhuru mtu, na mwenye kazi atendewe haki.

Sheria yasemaje leo?

Msingi ni Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezipa serikali za kaunti kazi ya kupanga miji, kutoa leseni za biashara na za vileo, na kudhibiti uchafuzi wa hewa, kelele na kero nyinginezo. Kwa mkazi wa Kapsoya, basi, mlango wa kwanza wa kubisha ni ule wa Kaunti ya Uasin Gishu.

Sheria ya pili ni ile ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Katika ramani za mipango ya miji nchini Kenya kila aina ya matumizi ina nambari yake. Nambari 0 ni makazi, 1 ni viwanda, 2 ni elimu, na 5 ni biashara. Ploti iliyopangiwa makazi haiwezi kugeuzwa karakana kwa sababu tu mwenyewe ameamua hivyo. Kubadilisha matumizi ya ardhi ni jambo linalohitaji ruhusa ya kaunti, na umma lazima ujulishwe ili mwenye pingamizi alitoe. Anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au yote mawili.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mtu hulipia kibali cha biashara, akakitundika ukutani, akadhani mambo yamekwisha. Kibali cha biashara humruhusu mtu kufanya biashara. Hakibadilishi matumizi ya ardhi, wala hakimruhusu kumtia jirani moshi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina karatasi yake.

Sheria ya tatu ni ya zamani zaidi, nayo ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Kifungu cha 115 kinamkataza mtu yeyote kusababisha, au kuacha iendelee katika ardhi au jengo lake, kero yoyote inayoweza kudhuru afya. Tazama maneno hayo, "au kuacha iendelee". Maana yake ni kwamba mwenye nyumba anayepangisha karakana chini ya vyumba vya watu hawezi kunawa mikono na kusema, "Mimi nachukua kodi tu."

Sasa na tuangalie vile vitu vinavyovuka ua, kimoja baada ya kingine.

1. Sauti

Wengi wetu hudhani kelele ni usumbufu tu, na kwamba mtu huzoea. Masikio huweza kuzoea, lakini mwili hauzoei. Mtu aliyelala akisikia kishindo, hata asipoamka, moyo wake huongeza mapigo na mwili hutoa homoni za wasiwasi. Jambo hilo likirudiwa usiku baada ya usiku kwa miaka, hatari ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo huongezeka. Watoto wanaosomea penye kelele nyingi huchelewa kujua kusoma na hukumbuka machache.

Kanuni za kudhibiti kelele, zilizotolewa mwaka wa 2009, zinaweka viwango vinavyopimwa kwa desibeli. Katika mtaa wa makazi, sauti nje ya nyumba isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku. Penye mchanganyiko wa makazi na biashara au burudani, kiwango cha mchana ni 55. Katika eneo la biashara ni 60. Lakini usiku kiwango ni 35 katika maeneo hayo yote. Usiku, kwa mujibu wa kanuni hizi, huanza baada ya saa 2 jioni na kuisha saa 12 asubuhi.

Ili uelewe nambari hizi, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni karibu desibeli 60, na mnong'ono ni karibu 30. Kwa hiyo sheria inataka usiku uwe karibu na mnong'ono. Baa inayotikisa madirisha saa 5 usiku haina pa kujitetea, iwe mtaa ni wa makazi au wa biashara.

Sasa fanya hesabu hii pamoja nasi. Katika uwanja wazi, sauti ya mashine moja hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara 2. Tuseme kinu kinatoa desibeli 90 ukisimama mita 1 kutoka kwacho. Ukisogea mita 2 ni 84, mita 4 ni 78, mita 8 ni 72, mita 16 ni 66, mita 32 ni 60, mita 64 ni 54. Ni lazima ufike karibu mita 100 ndipo upate zile 50 za mchana. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa takriban mita 15 na urefu wa mita 30. Hata ukikiweka kinu hicho pembeni kabisa, chumba cha kulala cha jirani hakitakuwa mbali vya kutosha. Ukuta wa mawe na mlango uliofungwa husaidia sana, lakini kinu kilicho wazi katika ploti ndogo hakiwezi kutimiza sheria, hata mwenyewe akiwa mtu mwema namna gani.

Hiyo ndiyo maana halisi ya kutenga maeneo. Mpangaji wa mji akimpeleka mwenye kinu sokoni, hamwadhibu. Anafuata hesabu.

2. Moshi, vumbi na rangi ya kupuliza

Moshi una chembe ndogo sana. Zile za hatari zaidi zina upana usiozidi sehemu 2.5 za elfu moja ya milimita, ilhali unywele wa binadamu ni kama 70 kwa kipimo hicho hicho. Chembe hizi hazizuiwi na pua. Huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya hadi kwenye damu. Mtoto huathirika zaidi kwa sababu hupumua mara nyingi kuliko mtu mzima na mapafu yake bado yanakua.

Kila kazi ina madhara yake. Vumbi la unga, likivutwa kwa muda mrefu, huweza kusababisha pumu, na madaktari wamelijua jambo hili kwa miaka mingi kutokana na waoka mikate. Vumbi la mbao na moshi wa kuchomelea vyuma ni miongoni mwa vitu ambavyo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limethibitisha kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Rangi za kupuliza magari, hasa zile zinazochanganywa na kigumishi, huwa na kemikali inayoweza kuanzisha pumu kwa mtu ambaye hakuwa nayo.

Eldoret iko juu, takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku huwa baridi. Watu hufunga madirisha mapema. Moshi ulioingia jioni hulala nanyi hadi asubuhi.

Mwanga wa kuchomelea nao huvuka ua, ingawa hauna harufu. Watoto hupenda kuutazama. Ule mwali wa samawati huchoma kioo cha jicho kama jua linavyochoma ngozi. Mtoto halii papo hapo. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, huanza kulia kwamba ana mchanga machoni, macho huwa mekundu na hawezi kuvumilia taa. Mpeleke hospitalini, na usimtie maziwa wala dawa za kienyeji machoni. Kwa fundi, ubao au pazia zito la kuzuia mwanga ni gharama ndogo.

3. Maji machafu

Maji ya kuoshea magari huwa na sabuni, mafuta na grisi. Maji ya buchani huwa na damu na mafuta. Maji ya saluni huwa na kemikali za nywele. Yakielekezwa barabarani hutuama, yakazaa mbu na nzi. Yakiingia ardhini huweza kufika kwenye kisima. Familia nyingi za mitaa yetu hutumia visima vifupi pale mifereji inapokauka. Ikiwa kisima chako kiko chini ya mteremko kutoka mahali pa kuosha magari au kutoka choo cha shimo, maji hayo si ya kunywa bila kutibiwa. Na kumbuka kwamba kuchemsha huua viini vya magonjwa, lakini hakuondoi mafuta wala kemikali.

Karakana zinazovunja betri kuukuu za magari ni hatari ya kipekee kwa sababu ya risasi iliyomo ndani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walilijua hilo kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilijengwa ubavuni mwa kijiji chao, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe alikuwa ameathirika, akaongoza wenzake kudai haki. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa ikaitangua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Wakazi walishinda, naam. Lakini risasi ikishaudhuru ubongo wa mtoto, hakuna fidia inayouponya.

4. Moto

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea, bali huteremka, hutambaa sakafuni, huingia mitaroni na chini ya milango, ikitafuta jiko la jirani. Kwa sababu hiyo mtu anayejaza mitungi midogo kutoka mikubwa ndani ya ploti ya makazi anacheza na uhai wa wote walio karibu.

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, katika eneo la Mradi, Embakasi, Nairobi, gesi ililipuka mahali pa kujazia mitungi katikati ya nyumba za watu. Kadhaa walifariki na zaidi ya 200 wakajeruhiwa. Baadaye mamlaka ya kudhibiti kawi, EPRA, ilieleza kwamba mwaka wa 2023 ilikuwa imekataa maombi ya ujenzi wa kituo hicho mara 3, na mojawapo ya sababu ilikuwa wingi wa watu waliokaa karibu. Sheria ilisema hapana mara 3, lakini kazi ikaendelea. Hapo sheria haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuisimamia.

Kuuza mitungi iliyojazwa na kufungwa kiwandani, ikiwa muuzaji ana leseni na duka lina hewa ya kutosha, ni jambo lingine. Jifunze kutofautisha.

5. Ulevi

Hapa hatuzungumzii kelele tu. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inasema leseni isitolewe kwa baa iliyo chini ya mita 300 kutoka shule ya watoto, iwe ya chekechea, msingi au sekondari. Machi 2024 serikali ya kitaifa ilitangaza hatua kali dhidi ya baa zilizo katikati ya makazi na karibu na shule. Mtoto anayepita mlangoni pa baa mara 2 kwa siku, kwenda na kurudi, hufunzwa na mlango huo kama anavyofunzwa na mwalimu.

Si biashara zote ni sawa

Kwa kutumia swali letu, tunaweza kuzigawa biashara za mtaani katika mafungu matatu. Huu ni mwongozo wa kukusaidia kufikiri tu. Uamuzi wa kisheria ni wa kaunti.

Fungu la kwanza ni zile ambazo karibu hakuna kinachovuka ua. Humu mna mshonaji mwenye cherehani moja, kinyozi, kioski cha mboga, duka la vyakula na wakala wa kutuma pesa. Hawa ni baraka mtaani. Mzee hununua dawa ya meno bila kuvuka barabara kuu, na duka lililo wazi jioni huongeza macho ya kulinda watoto.

Fungu la pili ni zile zinazoweza kukaa kwa masharti, kama vile saluni, bucha, hoteli ndogo, mama wa chapati na mahali pa kuosha magari. Hizi zahitaji mtaro uliounganishwa ipasavyo, bomba la moshi lililo juu kuliko madirisha, pipa lenye kifuniko, cheti cha afya kwa wanaogusa chakula, na saa za kufunga.

Fungu la tatu ni zile ambazo ploti ya makazi haiziwezi, nazo ni kinu kilicho wazi, karakana ya kuchomelea na kupuliza rangi, kiwanda cha samani, kuvunja betri, kujaza gesi, na baa ya muziki. Hizi zinahitaji mahali pake, na ni wajibu wa kaunti kupatenga. Haifai kumwambia fundi "ondoka" bila kumwonyesha aende wapi.

Ikiwa wewe ndiwe mwenye biashara

Kabla hujalipa kodi ya chumba, nenda katika ofisi ya upangaji ya kaunti uulize ploti hiyo imepangiwa matumizi gani. Usitegemee neno la mwenye nyumba. Ukishanunua mashine, ukaiunga umeme na kuijengea msingi wa saruji, kuhama ni hasara kubwa.

Pili, zungumza na majirani mapema. Uliza nyumba iliyo karibu ina mtoto mchanga au mgonjwa. Elekeza bomba na milango upande wa barabara, si wa vyumba vya kulala. Funga mashine saa 12 jioni. Jirani aliyeheshimiwa huwa mteja, na aliyedharauliwa huwa mshtaki.

Tatu, jikinge wewe mwenyewe. Ikiwa moshi unamdhuru jirani aliye mita 15, fikiria unavyokudhuru wewe uliye nusu mita.

Ukinyimwa ruhusa una haki ya kupewa sababu, na unaweza kukata rufaa kwa kamati ya kaunti ya usuluhishi wa masuala ya upangaji katika muda wa siku 14.

Ikiwa wewe ndiwe jirani

Anza kwa mazungumzo. Usianze kwa simu ya polisi. Nenda wakati ambapo mashine imezimwa, umsalimie, na useme jambo lenyewe. Usimwambie, "Biashara yako ni mbaya." Sema, "Moshi huu unaingia chumbani kwa mtoto kuanzia saa 11 jioni. Tufanyeje?" Mengi huishia hapo, hasa mkimshirikisha mzee wa mtaa au kamati ya Nyumba Kumi.

Yasipoisha, andika. Chukua daftari, na kwa wiki 2 uandike tarehe, saa, kilichovuka ua, na dalili zilizoonekana nyumbani. Weka pia karatasi za kliniki. Daftari kama hilo humsaidia daktari na afisa wa kaunti vilevile.

Kisha peleka malalamiko kwa maandishi kwa afisa wa afya ya umma. Yeye ana uwezo wa kutoa ilani ya kuondoa kero katika muda uliowekwa, na aliyeipuuza hupelekwa mahakamani. Suala la kubadilisha matumizi ya ploti lipeleke kwa ofisi ya upangaji. Kelele na uchafuzi mkubwa unaweza kuupeleka pia kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, yenye afisi katika kila kaunti. Hifadhi nakala iliyopigwa muhuri.

Hatua ya mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo chake Eldoret. Na hapa kuna jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Kifungu cha 70 cha Katiba kinasema anayedai haki ya mazingira safi halazimiki kuthibitisha kwamba mtu amepata hasara au ameumia. Kwa maneno mengine, huhitaji kungoja mtoto alazwe ndipo uwe na kesi. Sheria yenyewe inakubali kwamba kinga ni bora kuliko tiba.

Na ukiona tangazo limebandikwa kwenye lango la ploti kuhusu kubadilisha matumizi, lisome. Wengi hupita wakidhani ni tangazo la nyumba ya kupangisha, kisha hulia mashine ikishaanza kunguruma. Wakati wa kusema ni kabla ya msingi kumwagwa.

Kwa kumalizia

Hatutaki Kapsoya iwe mtaa usio na maduka, ambapo mama atembee kilomita 2 kutafuta chumvi. Wala hatutaki iwe karakana moja kubwa yenye vitanda ndani yake. Kati ya hayo mawili ipo njia, na njia hiyo ni ya kupima na kusemezana. Fundi apate mahali pa kufanyia kazi bila hofu ya kufukuzwa, na mtoto mwenye pumu apate usiku mmoja wa kulala bila kukohoa. Ua hukinga pande zote mbili.

Maswali ya kujipima

Yajadili na jamaa yako leo jioni.

1. Ni biashara ngapi zilizo ndani ya mita 100 kutoka kitandani mwako? Taja kinachovuka ua kutoka kwa kila moja.
2. Kibali cha biashara kina tofauti gani na ruhusa ya matumizi ya ardhi?
3. Kanuni za kelele zinasema usiku huanza saa ngapi, na kiwango ni desibeli ngapi?
4. Ikiwa wewe ni mwenye ploti, ni nani uliyempangishia, na ungekubali kulala katika chumba kinachopakana naye?